Abiria wa Nairobi wanataka mageuzi ya usafiri, lakini wanahofia kuyalipia

KILA mara serikali inapotangaza mpango mpya wa kurekebisha uchukuzi wa umma jijini Nairobi, wamiliki wa matatu huitisha vikao, wahudumu wakatishia kugoma nao wanasiasa wakarushiana maneno. Abiria, ambaye mpango wenyewe hudaiwa kutungwa kwa ajili yake, husikika kwa nadra. Yeye huwa steji alfajiri, sarafu mkononi, akikadiria iwapo nauli ya leo ni ile ile ya jana.

Kutokana na kimya hicho, baadhi ya watu wamefikia kauli kwamba msafiri wa Nairobi amezoea vurugu za matatu kiasi cha kutotaka kitu kingine. Dhana hiyo haina mashiko. Anayefuatilia yaliyotukia tangu Februari 2004 ataona kuwa abiria wameunga mkono takriban kila hatua iliyowaahidi usalama na nidhamu barabarani. Walichokataa, tena kwa sababu nzuri, ni mageuzi ambayo gharama yake yote hutupiwa wao: nauli hupanda, mwendo wa miguu huongezeka na saa za kulala hupungua.

Suala hili si dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi, kutoka 3,138,369 mwaka 2009. Hesabu hiyo haiwajumuishi maelfu wanaolala Ongata Rongai, Kitengela, Ngong, Kikuyu, Ruiru na Mlolongo na kuingia jijini kila asubuhi kutafuta riziki. Wengi wao hawana gari la kibinafsi. Hutegemea matatu, mabasi, garimoshi, bodaboda au miguu yao.

Matatu ilipokuwa mkombozi

Ili kuuelewa mtazamo wa abiria, yafaa kukumbuka kwamba matatu ilipozaliwa haikuwa kero. Ilikuwa ukombozi.

Huduma ya mabasi ilianza Nairobi mwaka 1934 chini ya kampuni ya Overseas Motor Transport iliyokuwa na makao yake London. Huduma hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kama Kenya Bus Service (KBS). Mwaka 1966, Baraza la Jiji lilichukua asilimia 25 ya hisa, nayo kampuni ikapewa haki ya pekee ya kuendesha mabasi jijini. Mabasi hayo yalikuwa na ratiba na tiketi, lakini hayakufika kila mahali. Baada ya uhuru watu walimiminika mjini kutoka mashambani, mitaa ikachipuka pembezoni hata kabla ya barabara, na wakazi wa huko wakaachwa wakitembea.

Pengo hilo lilizibwa na magari makuukuu yaliyobeba watu kwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, na hapo ndipo jina matatu lilipotoka. Yalihudumu kinyume cha sheria hadi 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoagiza yaruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalum. Sheria iliyatambua rasmi kama magari ya uchukuzi wa umma mwaka 1984.

Kwa kuwa matatu zilichagua njia na saa zenye faida, KBS ilibaki na mzigo wa kufika mahali na nyakati ambazo hazikulipa. Kampuni ya Stagecoach ya Uingereza iliinunua mwaka 1991 na kujiondoa mwaka 1998. Shirika la mabasi ya Nyayo, lililoanzishwa na serikali mwaka 1986, lilikuwa limesambaratika kufikia katikati ya miaka ya 1990.

Wakongwe wa jiji bado huyataja mabasi ya Nyayo kwa hamu: nauli nafuu, wahudumu wenye adabu, sare nadhifu. Kumbukumbu za aina hii hutiwa chumvi, lakini zina jambo moja la kweli. Abiria hakulihama basi lenye ratiba kwa kuwa aliipenda matatu kuliko basi. Basi ndilo lililomhama yeye.

Februari 2004

Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, mkombozi huyo alikuwa amegeuka bwana. Nissan iliyoundwa kubeba abiria 14 ilibeba 18 au zaidi, muziki ulirindima hadi vioo vikatetemeka, na madereva walishindana kwa kasi ya kutisha. Magenge, likiwemo kundi la Mungiki, yaliteka steji na kutoza wenye magari ada ambayo hatimaye ilitoka mfukoni mwa msafiri.

Serikali ya NARC, iliyoingia mamlakani mwisho wa 2002, ilimkabidhi John Michuki wizara ya uchukuzi na mawasiliano. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 1, 2004. Kila gari la abiria lilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, mkanda wa usalama katika kila kiti, na mstari wa manjano ubavuni ulioandikwa njia ambayo gari linahudumu. Madereva na makondakta walilazimika kuvaa sare na beji zenye picha. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama ndani ya matatu.

Siku za kwanza zilikuwa za mateso. Magari mengi hayakuwa tayari, hivyo hayakuonekana barabarani. Umati wa watu uliingia jijini kwa miguu, na zile matatu chache zilizotimiza masharti zikapandisha nauli, kwingineko maradufu.

Jambo la kushangaza ni kwamba hasira za wasafiri hazikumwelekea waziri. Wengi waliwalaumu wenye matatu waliopewa muda wa kujitayarisha wakaupuuza. Watu walitembea wakisema heri kuchoka miguu kuliko kufa barabarani. Michuki alipofariki Februari 2012, baada ya kushika wizara kadhaa, wananchi wa kawaida walimkumbuka zaidi kwa kanuni hizo kuliko kwa lolote jingine alilofanya.

Sababu ya uungwaji mkono huo haikuwa hofu ya ajali pekee. Kwa mara ya kwanza, aliyelipa nauli alikuwa na uhakika wa kiti kizima. Kondakta mwenye beji alikuwa mtu mwenye jina, si kivuli cha mlangoni kinachotoweka na chenji ya mtu. Heshima ilikuwa imerejea ndani ya gari, na abiria walikuwa tayari kuilipia.

Hata hivyo, heshima hiyo ilififia kidogo kidogo. Vidhibiti mwendo vilichezewa. Mikanda ilichakaa na kushika uchafu, wasafiri wakawa wanaikwepa ili isichafue nguo za kazini, kisha wakaishika tu mapajani bila kuifunga gari lilipokaribia kizuizi cha polisi. Polisi wenyewe, kwa kawaida, walitosheka na noti iliyokunjwa kuliko mkanda uliofungwa. Novemba 2018, serikali ilipotangaza msako wa kuzirejesha kanuni zile zile, matatu nyingi zilijificha tena na maelfu ya watu wakatembea tena, miaka 14 baadaye.

Ni kweli kwamba abiria mwenyewe hushiriki katika uvunjaji wa sheria. Hupanda mahali pasipo steji na kudai ashukishwe mlangoni pa duka. Hukubali anapoambiwa asambaze, yaani asogee ili mtu wa tano aketi katika nafasi ya wanne. Huinama polisi wanapotokea, kisha huinuka na kuendelea na mazungumzo. Wakuu wa trafiki huutaja mwenendo huu kama ushahidi kwamba umma haujali.

Lakini mazingira yake yanafaa kutazamwa. Saa mbili usiku, mvua inanyesha, watu mia moja wamekusanyika steji na gari moja limefika. Anayejibana ndani hachagui kati ya gari halali na gari haramu. Anachagua kati ya gari hilo na kukosa gari kabisa. Kumtoza faini huenda kukaijaza hazina ya mahakama, ila hakutaongeza kiti hata kimoja.

Nauli isiyojulikana

Iwapo kuna lalamiko moja linalowaunganisha wasafiri wa Kayole, Kawangware, Githurai na Rongai, ni nauli isiyotabirika. Nchini Kenya serikali haipangi nauli za matatu. Wenye magari hupanga wao, nazo hubadilika kulingana na saa, mvua, mwisho wa mwezi na wingi wa watu steji. Mtu anaweza kulipa kiasi fulani asubuhi na mara mbili ya hicho jioni katika njia ile ile.

Chanzo kikuu kimo katika namna biashara yenyewe inavyoendeshwa. Wamiliki wengi hawawalipi wahudumu mshahara wa mwezi. Humtaka dereva awasilishe kiasi maalum cha fedha kila siku, naye pamoja na utingo wake hugawana kinachobaki baada ya mafuta, ada za steji na hongo za njiani. Kwa mpango huo kila dakika ina bei. Ndiyo maana gari halitoki steji hadi lijae, na wakati mwingine vijana hulipwa kuketi ndani ili lionekane karibu kujaa. Ndiyo maana pia dereva hupanda kando ya barabara kuukwepa msongamano, na abiria hushushwa nusu ya safari na kuhamishiwa gari jingine kwa sababu upande wa pili una watu wengi zaidi.

Wasafiri wanalijua hili vyema. Wengi humlaumu mwenye gari kuliko kondakta, kwani wanaona jinsi kijana huyo anavyofukuzana na hesabu ya siku. Pendekezo la kuwalipa wahudumu mshahara limerudiwa kwa miaka, na lilikuwa miongoni mwa shabaha za kuwalazimisha wenye matatu kujiunga na vyama vya ushirika, maarufu kama sacco. Kanuni za 2014 za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyobuniwa kwa sheria ya 2012, ziliitaka kila sacco au kampuni iwe na angalau magari 30. Magari yalipakwa majina ya sacco, lakini katika njia nyingi hesabu ya siku iliendelea kama kawaida.

Kinachowatia wasafiri wasiwasi zaidi ni uzoefu kwamba nauli ikipanda huwa haishuki. Ushuru wa asilimia 8 ulipoanza kutozwa mafuta Septemba 2018, nauli zilipanda. Ulipoongezwa hadi asilimia 16 mnamo Julai 2023, zilipanda tena. Wakati wa janga la Covid-19 mwaka 2020, matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba wanane tu, hivyo wasafiri wakalipia viti vitupu. Ruhusa ya kujaza magari ilirejeshwa Agosti 2021, lakini si kila njia iliyorudi katika bei ya zamani. Mtu aliyepitia hayo yote akiambiwa kuwa mageuzi yajayo yatamletea manufaa, swali lake la kwanza huwa ni nauli mpya itakuwa pesa ngapi.

Kuna tabaka jingine ambalo hata swali hilo haliwahusu. Tafiti zimekuwa zikionyesha kwamba karibu nne kati ya kila safari kumi Nairobi hufanywa kwa miguu. Watafiti Deborah Salon na Sumila Gulyani, katika ripoti iliyochapishwa 2010 kutokana na takwimu za 2004 za mitaa ya mabanda, walibaini kuwa wengi wa wakazi wa mitaa hiyo hawakumudu usafiri wa gari kila siku, na kwamba wanawake na watoto waliathirika zaidi. Watu hawa ndio wanaoonekana saa kumi na moja alfajiri wakipita kwa makundi kutoka Kibera na Mukuru kuelekea Eneo la Viwanda. Hawahesabiwi kuwa abiria. Iwapo nauli ingepungua kidogo wangekuwa abiria, na iwapo itapanda kidogo wengine watajiunga nao.

Kadi zilizokataliwa

Mfano mzuri wa mageuzi yaliyokufa mikononi mwa wasafiri ni ulipaji nauli kwa kadi. Mwaka 2013, Google na benki ya Equity zilizindua kadi ya BebaPay. Kadi nyingine zilifuata, na serikali ikatangaza kwamba kuanzia Julai 1, 2014, hakuna matatu itakayopokea pesa taslimu. Tarehe hiyo ilisogezwa, kisha ikasahaulika. BebaPay ilifungwa mwaka 2015.

Lawama ziliwaendea makondakta, ambao bila shaka waliuhujumu mpango huo, maana pesa zikipitia benki hakuna kinachobaki mkononi mwa siku. Polisi waliozoea noti nao hawakuwa na sababu ya kushangilia. Lakini abiria pia hawakuzililia kadi hizo. Kadi ya kampuni moja haikukubaliwa katika gari la kampuni nyingine. Ilibidi kuijaza pesa kabla ya safari, jambo gumu kwa mtu anayelipwa kwa kibarua cha siku. Zaidi ya yote haikumpunguzia nauli, wala haikuizuia kupanda mvua iliponyesha.

Miaka michache baadaye wasafiri hao hao walianza kulipa kwa M-Pesa bila kulazimishwa na yeyote, hasa tangu 2020. Simu ilikuwa tayari mfukoni na pesa tayari zimo ndani. Aliyedai kwamba Wakenya wanaogopa teknolojia hakuwa ametazama vizuri.

Jambo kama hilo lilionekana mwaka 2019, kampuni za Swvl na Little zilipoleta mabasi madogo ambayo msafiri aliagizia kiti kwa simu, akijua nauli na saa kabla ya kuondoka nyumbani. Wafanyakazi wa ofisini waliyachangamkia. Oktoba mwaka huo NTSA iliyataka yasitishe huduma kwa hoja kwamba yalikuwa na leseni za kusafirisha watalii, si za kubeba abiria wa kila siku. Kisheria huenda mamlaka ilikuwa na haki. Kwa msafiri aliyekuwa ameonja uhakika wa nauli na saa, hoja ya leseni haikuwa na ladha.

Siku ya kutembea

Wapangaji wa jiji na abiria hutazama matatu kwa macho tofauti. Mpangaji huona gari linaloziba Barabara ya Tom Mboya na Ronald Ngala. Abiria huona gari linalobeba watu 14 au 33 katika nafasi ambayo magari mawili matatu ya kibinafsi yangebeba watu wawili watatu.

Tofauti hiyo ilidhihirika Desemba 3, 2018, wakati Gavana Mike Sonko alipozipiga marufuku matatu kuingia katikati mwa jiji. Abiria walishushwa pembezoni, wakiwemo wazee, wagonjwa wanaokwenda kliniki, walemavu na akina mama wenye watoto mgongoni. Magari ya kibinafsi yaliendelea kuingia kama kawaida. Jiji lilikuwa na nafasi ya kutosha, lakini lilikuwa limejaa ghadhabu. Amri hiyo iliondolewa upesi, na haikupata mtetezi miongoni mwa waliotembea.

Kosa halikuwa wazo la kupunguza magari. Miji mingi imefanya hivyo. Kosa lilikuwa kuondoa huduma kabla ya kuweka nyingine mahali pake. Hakukuwa na mabasi ya kuwatoa watu pembezoni hadi kazini, wala vivuli, wala vyoo vya kutosha, na nauli haikupunguzwa hata shilingi moja kwa safari iliyokatizwa.

Kituo cha Green Park, kilichojengwa karibu na Uhuru Park na Idara ya Huduma za Jiji (NMS) kwa matatu za barabara za Ngong na Lang'ata, kilizua maswali yayo hayo. Kilikuwa kituo nadhifu kuliko vyote vilivyowahi kujengwa jijini. Lakini mchuuzi wa Rongai anayekwenda Gikomba kununua mitumba alikiona kwa jicho jingine: ilimbidi alikate jiji zima na mzigo wake, au apande gari la pili kwa nauli ya pili.

Si abiria wote walio sawa

Itakuwa makosa kumzungumzia abiria kana kwamba ni mmoja. Vijana wa Umoja, Buruburu na Rongai huziacha matatu kuukuu zipite wakisubiri zile zilizorembwa kwa michoro, taa na skrini, na hulipa zaidi kwa raha hiyo. Kwao matatu ni sanaa na fahari ya mtaa. Mfanyakazi mwenye umri wa miaka hamsini huisikia sanaa hiyo masikioni mwake kama adhabu, na kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 hazijamfaa sana.

Wanawake wana hesabu yao. Hupima steji kwa mwanga uliopo, hukwepa kiti cha nyuma, na wengi huacha kazi au masomo ya jioni kwa kuhofia safari ya kurudi. Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo hadharani katika steji jijini, mamia waliandamana wakidai haki ya kuvaa watakavyo bila kushambuliwa, na sheria ikarekebishwa mwaka huo kukifanya kitendo hicho kosa mahususi. Wengi wa wanawake hao, wakiulizwa usafiri bora ni upi, hawaanzi na kasi. Huanza na lugha ya utingo.

Nao walemavu wamesubiri kwa muda mrefu kuliko wote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya umma wayarekebishe ili yawafae. Matatu ya kawaida ingali na ngazi ndefu, mlango mwembamba na kondakta anayehimiza watu wapande haraka kabla gari halijasimama vizuri. Mwenye kiti cha magurudumu mara nyingi huambiwa akilipie kiti hicho kama abiria wa pili.

Reli, barabara ya juu na mabasi yasiyofika

Garimoshi ndiyo huduma inayosifiwa sana na wanaoitumia. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, na mwaka 2020 Shirika la Reli lilileta magarimoshi yaliyowahi kutumika Uhispania ili kuimarisha safari za vitongojini. Nauli haibadiliki kwa mvua na saa ya kuondoka inajulikana. Malalamiko ni kwamba safari ni chache, na kwamba anayeshuka kituo kilicho mbali na kwake hulazimika kupanda bodaboda inayomeza alichookoa.

Barabara ya Expressway, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Wenye magari waliipongeza. Kwa abiria wa matatu faida yake ni ndogo, kwa kuwa hutozwa ada na ina sehemu chache za kutoka, hivyo gari linalookota watu njiani halina cha kufanya huko juu. Msafiri wa Mombasa Road aliyevumilia vumbi la ujenzi alibaki chini ya nguzo, akisikia magari yakipita juu yake.

Tumaini kubwa lilikuwa mabasi ya mwendo wa kasi, BRT, yenye njia yake pekee. Mamlaka ya kuyasimamia, NaMATA, ilibuniwa mwaka 2017, na njia tano zikapewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Mwaka 2018 mstari mwekundu ulichorwa katika Thika Superhighway kuonyesha sehemu ya mabasi hayo, ambayo hayakuwepo. Vituo vilianza kujengwa katikati ya barabara hiyo baadaye, ujenzi ukasitasita, na miaka ikapita bila basi kusimama hapo. Abiria wa Githurai na Kasarani walifanya mstari ule mzaha, na mzaha huo ndio unaomsubiri afisa yeyote atakayewaahidi tena BRT.

Hawahitaji kuangalia mbali ili kujua mambo yanavyoweza kwenda. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza Mei 2016 katika mtandao wa takriban kilomita 21 unaojumuisha njia ya Kimara hadi Kivukoni. Wakazi waliyapokea kwa shangwe, maana safari iliyochukua zaidi ya saa moja kwa daladala ilifupishwa sana. Kisha mabasi yakapungukia watu, vituo vikafurika, na sifa zikachanganyika na manung'uniko. Hata hivyo, ni wachache waliotaka njia hiyo ing'olewe na daladala zirudishwe. Walitaka mabasi zaidi.

Mtazamo huo unafanana mno na ule wa Nairobi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walipochapisha ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu, wengi walishangaa kuona kwamba vurugu hiyo ina mpangilio: njia 46 ya Kawangware, 111 ya Ngong, 125 ya Rongai, 58 ya Buruburu, zote zikikutana katikati mwa jiji kama vijiti vya gurudumu. Abiria hawakushangaa. Walikuwa wakiibeba ramani hiyo vichwani kwa miaka, pamoja na kujua steji ipi ina wezi, gari lipi hutoka bila kujaa na saa ngapi nauli hupanda.

Maarifa hayo hayajapata mlango wa kuingilia ofisini. Wamiliki wana vyama vyao, kikiwemo Matatu Owners Association, nao wahudumu wana vyao, na waziri akitoa agizo huwaita hao kuzungumza. Abiria hana chama chenye nguvu inayolingana nao, ingawa ndiye anayelipa mafuta, mkopo wa gari, ada ya steji na hongo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa haki ya huduma bora na habari za kutosha kuihusu, na inataka umma ushirikishwe kabla ya kanuni kupitishwa. Vikao vya kukusanya maoni hayo huandaliwa mara nyingi siku ya kazi, asubuhi, wakati anayetakiwa kuyatoa yuko Jogoo Road ndani ya matatu iliyosimama.